Asilimia thelathini ya nini?

Hodi wenye mabango. Mimi ni kocha wa biashara. Si wa Simba wala Yanga, na wala si yule wa kukuamsha saa kumi alfajiri ujitazame kwenye kioo ujiambie wewe ni tajiri. Kazi yangu ni daftari na kikokotoo. Nimekaa na wauza mitumba, mama lishe na mafundi aluminiamu, na siku hizi wanaonipigia zaidi ni ninyi wa stika, flexi (turubai la plastiki la kuchapia mabango), herufi za 3D na vibao vya alukobondi (shiti za aluminiamu zenye plastiki katikati). Plota, ile mashine ya kukata stika, siijui. Siku pekee niliyojaribu kubandika stika kwenye kioo cha Hiace iliota mapovu kama tetekuwanga, mwenye ofisi akaninyang'anya kazi mbele ya mteja.

Nilipanga nijitambulishe kwa upole, hatua kwa hatua. Lakini wiki iliyopita nilikuwa Sinza kwa fundi mmoja, kazi zake safi kabisa, akaniambia: "Kocha, mimi siwezi kula hasara. Naongeza asilimia thelathini juu ya gharama. Mteja akilia sana namtolea hiyo thelathini yote, narudi kwenye mtaji wangu. Sipati, sikosi."

Sijui ni wa ngapi kuniambia hivyo, nimeshaacha kuhesabu.

Jamani, hurudi kwenye mtaji. Kibao kimekugharimu 400,000. Umeongeza asilimia 30, yaani 120,000, ukamtajia mteja 520,000. Amelia, umemtolea asilimia 30. Ya nini? Ya ile 520,000 uliyomtajia, maana ndiyo bei anayoijua yeye. Hiyo ni 156,000. Umebaki na 364,000. Kwa hiyo umemlipa mteja 36,000 abebe kibao chako akakitundike dukani kwake, na ukamsaidia kushika ngazi.

Fundi alichukua simu akapiga hesabu. Akairudia. Akamwita kijana wake naye apige kwa simu yake, kama vile tatizo lilikuwa simu.

Hapa ndipo ninapopoteza subira, kwa hiyo nivumilieni. Asilimia haina maana mpaka uiambie ni ya kitu gani. Thelathini uliyoongeza ilikuwa ya gharama, na thelathini uliyotoa ilikuwa ya bei, na bei ni kubwa kuliko gharama, la sivyo isingekuwa biashara. Ile faida ya 120,000 ukiipima ndani ya 520,000 ni asilimia 23 na ushee. Ndicho ulichonacho mkononi. Ukimwambia mkeo, au mtu wa mkopo, kwamba biashara yako inakuachia thelathini, unamdanganya bila kujua. Ukitaka kweli ibaki thelathini ndani ya kila unachouza, usizidishe kwa 1.3. Gawa gharama kwa 0.7. Laki nne inakuwa 571,429. Tofauti na bei yako ya zamani ni zaidi ya elfu hamsini, kwa kibao kimoja.

Tena mteja mwenyewe haombi thelathini. Anaomba kumi. "Fundi, kumi tu, mimi mteja wako." Kumi inasikika kama nauli ya bodaboda. Asilimia 10 ya 520,000 ni 52,000, nayo haitoki kwenye bei nzima, inatoka kwenye ile 120,000 yako tu, kwa sababu mwenye duka la matirio Kariakoo hakukupunguzia kitu. Karibu nusu ya faida imeondoka kwa neno moja la "kumi tu". Wateja wanaolia vizuri wanalijua hili kuliko mafundi.

VAT nayo vivyo hivyo, nitapita haraka. Kwa mliosajiliwa: kwenye 1,180,000 yenye VAT ndani yake, kodi ni 180,000. Si asilimia 18 ya 1,180,000; hiyo 18 ni ya ile 1,000,000 ya kabla ya kodi. Nimeona mtu akitenga 212,400 kila mara, halafu ananiuliza kwa nini hana hela ya flexi.

Sasa hiyo 400,000 yenyewe umeitoa wapi? Wengi mnatoza kwa mita ya mraba, na kwenye flexi sina ugomvi sana. Ugomvi wangu ni alukobondi. Shiti ni mita 1.22 kwa 2.44. Mteja wa yule fundi wa Sinza alitaka kibao cha mita 1.3 kwa 2. Eneo lake ni mita za mraba 2.6, shiti ina karibu 3, basi fundi akaandika shiti moja. Lakini 1.3 haiingii kwenye 1.22, na ukiigeuza, 2 ndiyo haiingii kabisa. Zimenunuliwa shiti mbili, kwa ajili ya sentimita nane, na hapo bado hujakunja kingo. Nilimuuliza, hiyo 1.3 mteja aliipima wapi? Hakupima. Alinyoosha mikono hewani akasema, "Kama hivi." Tumia dakika moja kumuuliza kama 1.1 itamtosha.

Kipande kilichobaki mnasema kitafaa kesho. Nyuma ya ofisi yake nilivikuta vya kesho vimeegemezwa ukutani, vingine vimeota vumbi la miaka.

Kuhusu kirikuu cha kubebea mzigo, LUKU ya umeme, na saa za kijana anayeng'oa mabaki ya stika kwa pini hadi macho yanauma: viandikeni kwenye gharama. Sina la kuongeza.

Nilipo na shaka ni kwenye usanifu. Mteja anataka logo ibadilishwe mara nane kwa WhatsApp, usiku. Nimeshauri watu watoze kuanzia mabadiliko ya tatu. Wengine walifaulu, wengine walimpoteza mteja kwa jirani anayechora bure. Sina jibu ninaloweza kuapa nalo. Na shaka kubwa zaidi ni hii: ukipiga hesabu sawasawa ilhali mtaa mzima unapiga vibaya, wewe ndiye unayeonekana mwizi. Vitabu vya biashara vinasema anayeuza kwa hasara atafunga. Vinasahau kusema kwamba akifunga, mwingine anafungua fremu ileile na hesabu ileile. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa huyo. Nilikuwa na duka la steshenari, nikitoa kopi kwa bei ya jirani, na jirani akitoa kwa bei yangu. Tulifunga wote wawili, mimi nikitangulia kwa miezi kadhaa.

Juzi fundi wa Sinza alinipigia. Amekuja mteja wa kibao kingine, akampimisha ukuta, akagawa kwa 0.7, akataja bei bila kutetemeka. Mteja akasema anafika Mwenge mara moja kuuliza, atarudi.

"Amerudi?"

"Bado, Kocha."

Nikamuuliza kama shiti ameshaikata.

"Hapana. Ipo nzima."