Kuvunja ioni kwa migongano ndani ya mtego wa ioni: maana yake nini?

Ukisikia ioni, yaani molekuli yenye chaji ya umeme, imevunjwa kwa migongano maana yake imegongwagongwa na gesi mpaka sehemu ya nishati ya ule mwendo ikaingia ndani ya molekuli yenyewe, bondi zikatetemeka kupita kiasi na moja ikakatika. Vile vipande ndo tunavipima kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima masi za ioni, ili tujue molekuli imeundwaje, maana masi peke yake haitoshi, molekuli mbili tofauti kabisa zinaweza kuwa na masi ileile.

Sasa kwenye mtego wa ioni, kifaa kinachozishikilia ioni sehemu moja kwa nguvu za umeme, ule wa Wolfgang Paul aliyeshiriki Nobeli ya fizikia 1989, mambo yanaenda taratibu sana na mimi naona ndo uzuri wake. Ndani kuna heliamu kidogo, presha kama paskali 0.1 hivi, na kazi yake ya kawaida ni kuzipoza ioni zitulie katikati. Unaanza kwa kuzitoa zote usizozitaka ubaki na ioni mama tu, yaani ile unayotaka kuivunja, halafu unaweka volteji ndogo ya AC kwenye elektrodi za pande mbili, kwa frikwensi ileile ambayo ioni mama inayumba nayo. Ni kama kusukuma bembea kwa wakati wake, inayumba zaidi na zaidi, spidi inapanda, na ile heliamu iliyokuwa inaipoza sasa ndo inaipasha moto.

Ila heliamu ni nyepesi, masi yake 4 tu, kwa hiyo ikigongana na ioni ya masi 500, nishati inayoweza kugeuka kuwa mtetemo wa ndani haifiki hata asilimia 1 ya nishati ya mwendo. Mgongano mmoja hauvunji kitu, inahitajika migongano mingi sana ndani ya milisekunde 10 mpaka 30 hivi. Na kwa vile joto linapanda polepole, nishati inapata muda wa kusambaa molekuli nzima, kwa hiyo bondi dhaifu ndo inatangulia kukatika hata kama haikugongwa yenyewe. Ndo maana peptidi nyingi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi, zinakatika kwenye bondi za amidi zinazounganisha hizo amino asidi na kutoa vipande vya b na y, yaani vya upande wa mwanzo na wa mwisho wa mnyororo, lakini peptidi yenye fosfati mara nyingi inadondosha asidi ya fosforiki, masi 98, na vipande vingine unaviona kwa shida.

Kipande kikishatokea kina frikwensi yake nyingine, ile volteji haikigusi tena, heliamu inakipoza na kinabaki salama mtegoni. Kwenye mashine ambazo ioni zinapita tu kwenye chumba cha gesi, vipande vinaendelea kugongwa na kuvunjika tena. Kwenye mtego unaweza kuchagua kipande kimoja ukakivunja nacho, halafu kimoja cha hicho nacho, ukajua nani katoka kwa nani.

Gharama yake ipo kwenye vipande vidogo. Kuna namba inaitwa q, inaonyesha ioni mama inashikwa kwa nguvu kiasi gani mtegoni. Ukitumia q ya 0.25 iliyozoeleka, chochote kilicho chini ya kama asilimia 28 ya m/z (masi gawanya kwa chaji) ya ioni mama hakishikiki, yaani ioni mama ikiwa 900 basi chini ya 250 hivi huoni kitu. Ukiishusha q unawapata wadogo zaidi, ila ioni mama inashikwa kwa ulegevu na inaweza kutoka mtegoni kabla haijavunjika.