Feiza ya hatua nne: jefeti ndizo zinazoamua sauti

Mchoro ambao mafundi wengi wa pedali za gitaa huanza nao ni ule wa Phase 90, pedali ya feiza (inayofanya sauti iyumbe kama wimbi) iliyotolewa na MXR ya Rochester, New York, mwaka 1974. Ni saketi ndogo: opampu (vikuza sauti) 6, yaani chipu 3 zenye opampu mbilimbili, jefeti (transista za aina ya JFET) 4, transista moja ya kutolea sauti na potenshometa moja ya mwendo. Hata hivyo, nyingi zinazojengwa nyumbani hutoa wimbi dhaifu, na fundi hukimbilia kubadilisha chipu. Chanzo kwa kawaida ni zile jefeti nne.

Sauti ya gitaa hugawanyika njia mbili. Moja huenda moja kwa moja hadi mwisho. Nyingine hupita hatua nne, na kila hatua ina opampu, rezista mbili za kilohmu 10, kapasita ya nanofaradi 47 na jefeti inayotumika kama rezista inayobadilika. Hatua haipunguzi sauti, inaichelewesha tu, na kiasi cha kuchelewa hutegemea masafa. Njia mbili zikikutana kupitia rezista mbili za kilohmu 150, masafa yaliyopishana kinyume hufutana na kuacha mabonde mawili katika sauti. Sikio linasikia mabonde hayo yakisafiri.

Yanasafiri kiasi gani? Sambamba na kila jefeti kuna rezista ya kilohmu 24. Jefeti ikifunga kabisa, hiyo peke yake ndiyo inabaki, na mabonde hukaa karibu na hezi 58 na 341. Jefeti ikifunguka hadi jumla ishuke kuwa kilohmu 1, yanapanda hadi karibu hezi 1,400 na 8,170. Sasa fikiria jefeti mbili zinafunguka geti, yaani mguu wa kuidhibiti, likiwa volti 3.2, na nyingine mbili zinasubiri volti 4. Mbili zinatembea, mbili zimesimama kwenye kilohmu 24. Mabonde bado yapo, ila safari yake imefupika sana.

Kwa hiyo nunua jefeti 20 hadi 25 za namba moja, za fungu moja, ili upate nne. 2N5952 ndizo za asili. 2N5485 na 2N5457 nazo hufaa. Usiamini mpangilio wa miguu kwa kukariri, maana hutofautiana kati ya namba na namba. Weka mita kwenye kipimo cha dayodi: mguu ambao ukiugusa kwa waya mwekundu unasoma kama volti 0.7 kwenda miguu yote miwili mingine, huo ndio geti.

Miguu miwili mingine ni dreni na sosi. Kupima, unganisha dreni na volti 9, geti na ethi, na sosi na ethi kupitia rezista ya kilohmu 10. Soma volti kati ya ncha mbili za rezista hiyo. Hapa watu wengi wanaharibu: wanashika jefeti kwa vidole, wanaichomeka, wanaandika namba papo hapo. Joto la vidole husogeza usomaji. Ichomeke kwa koleo ndogo, subiri hadi tarakimu ya mwisho itulie, kisha andika kwenye kipande cha gundi ya karatasi na ukibandike mguuni. Nne zilizo ndani ya volti 0.02 ni nzuri sana. Tofauti ya 0.05 bado inafaa. Ukilazimika kutumia zilizoachana zaidi ya hapo, usitegemee trimpoti (rezista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) ikuokoe, kwa sababu trimpoti ni moja na inazisogeza zote nne kwa pamoja.

Volti ya kati, ambayo saketi nzima huitegemea, hutoka kwenye dayodi ya zena (inayoshikilia volti isibadilike) ya volti 5.1. Wapo wanaoibadilisha kwa rezista mbili sawa ili kubana matumizi. Mimi sikubaliani nao: betri ikichoka, volti ya kati inashuka nayo na mpangilio wa mageti unahama.

Trimpoti ya kilohmu 250 ndiyo inayopanga volti ya mageti. Weka mwendo wa polepole, kisha pitisha sauti yenye masafa mengi. Redio ya FM isiyoshika stesheni, ule mlio wa shhh kutoka tundu la hedifoni ukiwa chini kabisa, unaonyesha wimbi vizuri kuliko gitaa. Zungusha taratibu. Upande mmoja wimbi halipo, kisha linaanza, linajaa, halafu linapotea tena. Tafuta mahali ambapo kupanda na kushuka vinachukua muda sawa. Likikaa chini kwa muda mrefu kisha likaruka juu ghafla, bado hujafika.

Potenshometa ya mwendo ni kilohmu 500, ya aina C (logi iliyogeuzwa). Ukiweka ya aina B (inayopanda sawasawa), mwendo wote wa kasi hujibana mwishoni. Kapasita ya mwendo ni tantala ya mikrofaradi 15. Ukiweka 10 pedali inakimbia mara moja na nusu. Tantala iliyogeuzwa hufa, basi angalia alama ya chanya kabla ya kulehemu.

Ukisikia tik-tik inayofuata mwendo, oseleta, ile sehemu inayotengeneza mwendo, inavuta umeme kwa mishtuko. Tumia TL062 inayokula umeme kidogo, lisha chipu hiyo kupitia rezista ya ohmu 100 na kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda ethi, na uisogeze waya ya potenshometa ya mwendo mbali na waya ya sauti inayoingia. Sauti ikikwaruza unapopiga nyuzi kwa nguvu, jefeti zinapokea sauti kubwa kupita kiasi: punguza volyumu ya gitaa.

Marekebisho yanayolipa ni machache. Matoleo ya mwanzo, yenye jina lililoandikwa kwa herufi za mkono, hayakuwa na rezista ya kilohmu 24 inayorudisha sauti nyuma, ile R28. Inua mguu wake mmoja na uweke swichi: ikikatika sauti inakuwa laini, inayokaa vizuri chini ya solo safi ya dansi, ikiunganishwa inakuwa kali na ya puani. Ukikata rezista ya kilohmu 150 ya njia ya moja kwa moja, mabonde yanatoweka na noti zenyewe zinayumba. Na ukitaka kusogea kuelekea sauti ya Uni-Vibe, pedali ya zamani ya Shin-ei, badilisha kapasita nne za hatua ziwe nanofaradi 15, nanofaradi 220, pikofaradi 470 na nanofaradi 4.7, kwa mpangilio huo. Kisha rudi kwenye trimpoti na uipange upya.