Roy Benavidez: yanayosemwa na yaliyotokea

Jina la Roy Benavidez likitajwa mtandaoni, mara nyingi huja na maelezo yaleyale: komando wa Marekani aliyeingia vitani Vietnam na kisu tu, akapambana na maadui elfu moja kwa muda wa saa sita, akatoka hai akiwa na majeraha 37. Mengi katika hayo yana ukweli ndani yake. Ila habari imefupishwa mpaka imewafuta watu waliokuwa naye, na yeye mwenyewe imemfanya jitu la hadithi. Naona ni kuwadhulumu wote, kwa sababu habari kamili inamheshimu zaidi.

Dhana: Alipigana peke yake

Tarehe 2 Mei 1968, kikosi cha watu 12 kilishushwa msituni kwa helikopta ili kuchunguza nyendo za jeshi la Vietnam Kaskazini. Wamarekani walikuwa watatu: Leroy Wright aliyekuwa kiongozi, Lloyd Mousseau, na Brian O'Connor aliyebeba redio. Tisa waliobaki walikuwa Wamontagnard, wenyeji wa nyanda za juu za Vietnam, ambao wasimulizi wengi huwaruka kana kwamba hawakuwepo. Haukupita muda wakazingirwa. Helikopta tatu zikajaribu kuwaokoa, zikashindwa kutua kwa wingi wa risasi.

Benavidez, sajini wa miaka 32, alikuwa kambini Loc Ninh akiyasikia hayo yote kwenye redio. Helikopta ziliporudi kushusha wahudumu wake waliojeruhiwa, akapanda moja iliyokuwa inageuza kurudi kulekule. Hakuna aliyemwamuru. Chombo kilipoelea chini chini juu ya uwazi, akaruka na kukimbia takriban mita 75 kuwafikia wenzake. Kabla hajafika alikuwa tayari na jeraha la mguu, la uso na la kichwa.

Akawapanga upya waliobaki hai, akawaelekeza pa kupiga risasi, akarusha mabomu ya moshi kumwonyesha rubani pa kushuka. Alibeba na kuburuta nusu ya majeruhi hadi kwenye helikopta. Kisha akaurudia mwili wa Wright, aliyekuwa na nyaraka za siri. Hapo ndipo alipopigwa risasi ya tumbo na vipande vya guruneti mgongoni, na dakika hizohizo rubani Larry McKibben akauawa na helikopta ikaanguka. Benavidez akawatoa watu kwenye mabaki, akawakusanya mahali pamoja, akawagawia maji na risasi, akaanza kuita ndege kwa redio zije kuwapiga maadui waliokuwa hatua chache tu kutoka kwao.

Ndege hizo ndizo zilizowazuia adui wasiwamalize. Baadaye helikopta nyingine, iliyorushwa na Roger Waggie, ikafanikiwa kutua na kuwachukua. Bila marubani na wapiga bunduki waliorudi mara kwa mara mahali ambapo wenzao walishauawa, pasingekuwa na simulizi lolote la shujaa. Maelezo rasmi ya Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani, aliyokuja kupewa baadaye, yanasema aliokoa maisha ya watu wasiopungua wanane. Hao wanane nao walikuwa wakipigana.

Dhana: Silaha yake ilikuwa kisu tu, na alipigwa risasi 37

Kisu na mkoba wa dawa ndivyo alivyoondoka navyo kambini. Alipofika alitumia bunduki zilizookotwa palepale. Kisu kilifanya kazi mwishoni, wakati adui alipomvizia kwa nyuma, akamgonga kwa kitako cha bunduki, kisha wakakabana mwilini huku yule adui akiwa na singe.

Hesabu ya 37 ni ya majeraha yote kwa jumla: risasi 7, vipande vya mabomu 28, na mikono yote miwili iliyokatwa kwa singe.

Husimuliwa pia kwamba alitiwa kwenye mfuko wa maiti akidhaniwa amekufa. Hilo ni kweli. Macho yalikuwa yamegandiwa damu na hakuweza kusema kwa jinsi taya lilivyoumia. Daktari aliposhika zipu kuufunga mfuko, Benavidez akamtemea mate usoni, ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kumwambia kwamba yu hai.

Dhana: Yalitokea Vietnam

Maelezo ya nishani yanataja "magharibi ya Loc Ninh". Magharibi ya Loc Ninh ni Kambodia, na mapigano yalikuwa huko. Wakati ule serikali ya Marekani haikutaka kukiri kwamba askari wake wanavuka mpaka.

Dhana: Alinyimwa Nishani ya Heshima kwa sababu ya asili yake

Baba yake alikuwa Mmarekani wa asili ya Meksiko, mama yake wa kabila la Wayaqui, wenyeji wa asili wa Amerika, na ubaguzi aliujua tangu utotoni Texas. Kwa hiyo naelewa kwa nini watu wanaamini hivi. Lakini mtiririko wa mambo unaonyesha sababu nyingine. Kamanda wake alipoandika mapendekezo mwaka 1968 aliamini majeruhi huyu hatafika mbali, na Nishani ya Heshima huchukua muda mrefu kupitishwa. Akaomba nishani ya daraja la chini yake, Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, ili aipate angali hai. Akaipata.

Miaka ikapita, Benavidez hakufa, na kamanda akapata undani zaidi wa siku ile. Akaomba nishani ipandishwe daraja, akaambiwa muda umeshapita. Bunge likaondoa kikwazo hicho. Kikabaki kingine: hapakuwa na shahidi aliyeona kwa macho yake, kwani iliaminika wote walikuwa wameshafariki.

O'Connor alikuwa hai. Alikuwa akiishi Fiji, naye akidhani Benavidez ndiye aliyekufa. Mwaka 1980, akiwa likizoni Australia, akaisoma habari ya Benavidez gazetini, akaandika ushahidi wa kurasa kumi. Tarehe 24 Februari 1981 Rais Ronald Reagan akamvisha nishani. Mtu wa redio ndiye aliyeileta, miaka karibu 13 baadaye.

Dhana: Alizaliwa komando

Alizaliwa mwaka 1935 karibu na Cuero, Texas. Kifua kikuu kiliwachukua wazazi wote wawili kabla hajakua, akalelewa na jamaa zake mjini El Campo. Alisugua viatu kituo cha basi, alichuma pamba, na akiwa na miaka 15 akaacha shule. Jeshini aliingia kama kijana yeyote anayetafuta riziki.

Mwaka 1965, safari yake ya kwanza Vietnam, alikanyaga bomu la kutegwa ardhini. Madaktari huko Texas wakamwambia hatatembea tena na wakaanza kuandaa karatasi za kumwachisha jeshi. Usiku, kinyume na amri yao, alijiangusha kutoka kitandani, akajiburuta kwa viwiko na kidevu hadi ukutani, akajaribu kujiinua. Alilia kwa maumivu. Wagonjwa wenzake wa wodini walimtia moyo. Julai 1966 alitoka hospitalini kwa miguu yake, mkewe akiwa kando yake. Mafunzo ya kikosi maalumu, wale wa bereti za kijani, yalikuja baada ya hapo.

Dhana: Baada ya nishani, serikali ilimtunza

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Alistaafu mwaka 1976 akiwa na vipande viwili vya chuma moyoni na pafu lililotobolewa. Miaka miwili tu baada ya Ikulu kumpa mkono, mamlaka ya hifadhi ya jamii ilimwarifu kwamba malipo yake ya ulemavu yanakatwa, kwani anaweza kufanya kazi. Sheria ya mwaka 1980 ilikuwa imeagiza walemavu wakaguliwe upya, na serikali ya Reagan ikauharakisha ukaguzi huo mpaka watu kwa maelfu wakaondolewa kwenye orodha.

Mwaka 1983 Benavidez alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Alieleza kwamba utawala uliomvisha nishani ndio unaomkatia haki yake, na kwamba anawasemea pia wasio na nishani ya kuwafanya wasikilizwe. Malipo yake yakarejeshwa. Mwaka 1984 Bunge likapitisha sheria: mtu asikatiwe malipo ya ulemavu bila ushahidi kwamba afya yake imepata nafuu.