Sanaa ya dhana ni nini, na kwa nini ikitengenezwa kwa chakula huchekesha

Mwaka 2022, katika jumba moja la maonyesho ya sanaa jijini Auckland, New Zealand, wageni walioinua macho waliona kipande cha tango la achari kimegandia kwenye dari. Hakikuwa kimesahauliwa hapo na mafundi baada ya chakula cha mchana. Msanii wa Australia, Matthew Griffin, ndiye aliyekitoa ndani ya baga ya McDonald's na kukirusha juu, kikashikwa na mchuzi wake, kisha akaiita kazi hiyo "Pickle", yaani achari, na ikatangazwa kwa bei ya dola 10,000 za New Zealand. Anayelipa fedha hizo anapewa maelekezo ya namna ya kukirudia kitendo hicho kwenye dari ya nyumba yake. Achari na baga atajitafutia.

Anayesikia habari hii akacheka hajakosa adabu, wala si lazima awe amekosa elimu ya sanaa. Kicheko chake kimegusa hasa kiini cha kile kinachoitwa sanaa ya dhana, yaani sanaa ambayo wazo ndilo kazi yenyewe, na kitu kinachoonekana kwa macho ni chombo tu cha kulifikisha. Jina hilo lilienea katika miaka ya 1960, na Mmarekani Sol LeWitt aliandika mwaka 1967 kwamba katika sanaa ya namna hii wazo huwa ndiyo mashine inayoitengeneza kazi. Mzizi wake ni wa zamani zaidi, kwa kuwa mwaka 1917 Mfaransa Marcel Duchamp alipeleka kwenye maonyesho ya New York sinki la haja ndogo la wanaume, lililotoka dukani kama lilivyo, na waandaaji, ambao walikuwa wametangaza kwamba watapokea kazi ya kila msanii aliyelipa ada, wakakataa kulionyesha.

Chakula kilipoingizwa katika mtindo huu, mambo yaliongezeka uchungu na utamu kwa pamoja. Mtazamaji wa kawaida hajui bei ya marumaru wala ya shaba, kwa hiyo akiambiwa sanamu fulani ni ya mamilioni hana pa kuanzia kubisha. Bei ya ndizi, yai au jibini anaijua, maana ameinunua jana. Tena chakula huoza, hunuka, huita nzi, na zaidi ya yote huliwa, jambo linalowapa kazi walinzi wa majumba ya sanaa ambao walizoea kuzuia watu wasiguse, si kuzuia watu wasimeze.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni kazi ya Mwitaliano Maurizio Cattelan iitwayo "Comedian", yaani mchekeshaji. Ni ndizi moja mbivu iliyobandikwa ukutani kwa kipande cha utepe mpana wa gundi, wa rangi ya fedha, ule ambao mafundi hufungia mabomba. Ilionyeshwa mara ya kwanza Desemba 2019 katika maonyesho ya Art Basel mjini Miami Beach na jumba la Perrotin, ikiwa katika nakala tatu za kuuzwa, na za mwanzo zilipata wanunuzi kwa dola 120,000 za Marekani kila moja. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mnunuzi hakununua ndizi. Alinunua hati ya kuthibitisha kwamba kazi ni halisi, pamoja na maelekezo yenye michoro yanayoeleza ndizi ibandikwe vipi. Ndizi ikianza kuwa nyeusi, mwenye kazi huitupa na kununua nyingine sokoni, kama mtu anavyobadilisha balbu, na kazi inabaki ni ileile. Kinyume chake, mtu akibandika ndizi nzuri zaidi kwa utepe mzuri zaidi bila kuwa na hati, amebandika ndizi tu ukutani na atadaiwa gharama za rangi.

Baada ya hapo walianza walaji. Tarehe 7 Desemba 2019, msanii David Datuna aliibandua ndizi ile ya Miami mbele ya watu, akaimenya na kuila, akakiita kitendo chake "Msanii Mwenye Njaa". Jumba la Perrotin lilibandika ndizi nyingine muda mfupi baadaye, na siku iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mwisho ya maonyesho, likaiondoa kabisa kwa sababu umati ulikuwa umezidi. Mwaka 2023, katika jumba la Leeum jijini Seoul, mwanafunzi mmoja aliila ndizi ya kazi hiyohiyo, akaeleza kwamba hakuwa amepata kifungua kinywa, na kabla ya kuondoka akalibandika ganda pale pale kwa utepe uleule. Mwaka 2025 mgeni mwingine akaila huko Metz, Ufaransa.

Kwa maoni yangu, vichekesho hivi havilingani hata kidogo. Datuna alikuwa wa kwanza, ila kitendo chake kilikuwa na harufu ya kutaka kupigwa picha. Yule wa Seoul ndiye aliyeielewa kazi kuliko wote, kwa sababu lile ganda alilolirudisha ukutani lilikuwa ni swali: ikiwa ndizi yenyewe si kitu, basi ganda lake lina kasoro gani? Huyu wa Metz alikuwa amechelewa tu. Mzaha unaorudiwa mara ya tatu unakuwa ratiba.

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Cattelan ndiye aliyegundua njia hii. Tarehe 21 Julai 1960, jijini Milan, Piero Manzoni alichemsha mayai, akayapiga chapa ya dole gumba lake na kuwagawia waliohudhuria wayale, na maonyesho yote yakaisha tumboni mwa watazamaji kwa dakika 70. Katika mwaka huohuo Daniel Spoerri alianza kugandisha mezani kila kilichosalia baada ya mlo, kuanzia sahani chafu na maganda ya mayai hadi vipande vya sigara, kisha akaisimamisha meza nzima ukutani kama picha. Mwaka 1968 alifungua mgahawa Düsseldorf, Ujerumani, na jina analokumbukwa nalo ni lile la "Eat Art", sanaa ya kulika. Mama yeyote aliyewahi kumgombeza mtoto kwa kuacha vyombo mezani anaweza kujiuliza alipitwa na utajiri kiasi gani.

Aliyekwenda mbali kuliko hao ni Dieter Roth. Mwaka 1970 alifanya maonyesho katika jumba la Eugenia Butler, Los Angeles, akiwa na masanduku 37 ya safari yaliyojazwa jibini, na kila siku likafunguliwa moja. Msomaji ajaribu kufikiria siku ya kumi tu, milango ikiwa wazi na joto la California likiingia. Nzi walifika, funza wakazaliwa, harufu ikatoka hadi nje, na maofisa wa afya wakaja. Mchekeshaji hapo hakuwa Roth peke yake, kwa kuwa jibini lenyewe lilifanya kazi yake bila kusimamiwa, na katika hilo naona uaminifu ambao ndizi ya Cattelan, inayobadilishwa kabla haijanuka, haina.

Hata hivyo, si kila chakula kilichowekwa katika jumba la sanaa kimewekwa ili watu wacheke. Mwaka 1991 Felix Gonzalez-Torres alirundika pembeni mwa chumba pipi za karatasi za rangi zenye uzito wa ratili 175, takriban kilo 79, kwa ajili ya mwenzi wake Ross, aliyefariki kwa UKIMWI mwaka huo. Mgeni anaruhusiwa kuchukua pipi na kuila, rundo linapungua kama mwili wa mgonjwa, kisha linajazwa tena. Kanuni ni ileile ya sanaa ya dhana, maana pipi hubadilishwa na wazo hubaki, lakini mtu anaondoka akiwa na utamu mdomoni na hajui aufanyeje.

Kwa zile kazi zinazokusudia kuchekesha, Kiswahili kinatupa neno zuri kuliko "mzaha" au "kejeli", nalo ni utani, kwa maana yake ya zamani. Utani una masharti. Mtani anaweza kufika msibani akalizuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa hutoa bila kununa, kwa sababu pande zote mbili zinaujua mchezo huo na siku nyingine zamu itageuka. Ndivyo walivyo msanii wa ndizi na matajiri wake. Anawaambia waziwazi kwamba fedha zao hazina akili, nao wanamlipa kwa kuwaambia hivyo, na aliyelipa zaidi ndiye anayesimulia kwa furaha. Tarehe 20 Novemba 2024, nakala moja ya "Comedian" iliuzwa katika mnada wa Sotheby's jijini New York kwa dola milioni 6.2 pamoja na ada, ilhali wenye mnada walikuwa wamekadiria kati ya milioni 1 na 1.5. Mnunuzi, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali Justin Sun, aliila ndizi mbele ya waandishi wa habari huko Hong Kong siku tisa baadaye. Kwa mantiki ya sanaa ya dhana, alichokula ni kifungua kinywa. Kazi aliyoinunua ni karatasi, na hiyo hakuitafuna.

Lakini ndizi iliyotundikwa siku ya mnada ilikuwa imenunuliwa kwenye meza ya matunda ya mtaani, jirani na jengo la Sotheby's, kwa senti 35. Aliyeiuza alikuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa saa, mzee aliyehamia Marekani, naye hakuambiwa ndizi inakwenda wapi. Huyu hakuwa mtani wa mtu. Habari zilipomfikia, Sun aliahidi kununua ndizi 100,000 kutoka meza hiyohiyo na kuzigawa bure, ahadi ambayo kwa bei ya pale, nne kwa dola moja, ilifika dola 25,000, na faida yake, kama ingepatikana, ilikuwa ya mwenye meza.