Bakteria wa Tumboni Si Uchafu wa Kusafishwa

Pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mzee akisema anaharisha damu, jibu liko tayari: "Hiyo amiba, kunywa metronidazo usafishe tumbo." Nimemwona mama wa miaka zaidi ya 60, vidonge amevifunga kwenye pindo la khanga, dozi ya tatu hiyo, na usiku bado anakimbilia chooni.

Tumbo halisafishwi hivyo. Utumbo mpana una matrilioni ya bakteria, na wengi wao ni wenyeji wanaotufaa. Wanachachusha nyuzinyuzi za dona, maharage na matembele, wanatoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo. Metronidazo ni antibiotiki, nayo ikipita, huua na hao pia.

Tena si kila damu ni ya amiba. Kuna kolaitisi ya vidonda (utumbo mpana kuvimba na kutoka vidonda) na ugonjwa wa Crohn, ambamo kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe, na aina za bakteria humo hupungua. Haya hayaambukizi. Wengi huyaona ni maradhi ya vijana, kumbe wapo wanaoanza kuugua wakiwa na miaka 60 na kuendelea.

Sisi wa kando ya ziwa tuna kichocho, nacho huleta damu chooni. Saratani ya utumbo vilevile, hasa uzeeni. Dalili zinafanana mno, kwa hiyo mpelekeni mzee apimwe choo, na damu isipokoma, atazamwe utumbo mpana kwa kamera. Dozi ya nne isinunuliwe.