Lava ya Nyiragongo haikuchagua nyumba za wenye dhambi

Tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka 17 Januari 2002, Goma, mashariki mwa Kongo, kuna usemi usioisha: aliyepoteza nyumba kwa volkano, Mungu alimwadhibu. Ulirudi baada ya 22 Mei 2021, lava ilipofika Buhene, pembezoni mwa Goma. Nimeusikia ukisemwa mbele ya mama aliyebaki na sufuria moja tu.

Si kweli, na Yesu mwenyewe aliukataa. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Si yeye, anajibu, wala wazazi wake.

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, hufuata mteremko kama maji. Mwaka 2002 iliharibu hata kanisa kuu la Wakatoliki!

Somo la imani mimi nililiona kwa jirani wa yule mama. Alikuja na nusu ya sombe yake (mboga ya majani ya muhogo) na bidoni (dumu) ya maji, wakala pamoja na watoto, pembeni ya makoro, yaani mawe ya lava, ambayo yalikuwa hayajapoa.