Gari la Zimamoto ni Pampu Kwanza

Mpeleke askari wa zimamoto kwenye kituo cha wenzake ambacho hajawahi kufika, kisha umtazame. Salamu zitapita haraka haraka, na ukigeuka utamkosa. Yuko bandani, amelizunguka gari, amefungua milango ya pembeni, ameinama mbele ya saa za kupimia presha ya pampu na anauliza: "Hili linatoa lita ngapi kwa dakika?" Hapo mazungumzo yameiva. Atasifia la kituoni kwao, wenyeji watamjibu, watabishana kuhusu ngazi na mipira ya maji, na mzee mmoja atalikumbuka gari lililouzwa kwa mnada zamani ambalo, kwa maoni yake, halijapata mwenzake hadi leo.

Raia naye ana swali lake, nalo hatulikosi kwenye matukio: "Mbona mmekuja bila maji?"

Maswali hayo mawili ni ndugu. Katika kufundisha nimeona njia nyepesi ya kuyajibu ni kuanzia kwa mashine za kale, maana zile zilikuja bila maji kweli, na ndivyo zilivyokusudiwa.

Chukua mashine ya Richard Newsham, fundi wa London aliyepata hataza yake mwaka 1721. Miaka kumi baadaye mji wa New York ulinunua mbili. Lilikuwa sanduku refu la mbao juu ya magurudumu, na ndani yake pampu. Wanaume walisimama ubavuni wakipandisha na kushusha mipini, huku wengine wamejipanga hadi kwenye kisima wakipokezana ndoo za kulijaza sanduku. Ndoo zikichelewa, mashine inakohoa hewa. Mwaka 1829, huko huko London, John Braithwaite na John Ericsson waliunda pampu ya mvuke, na mikono ya watu ikaanza kupumzika. Baadaye ikaja petroli. Katika mabadiliko yote hayo kitu kimoja hakikubadilika: kinachoitwa gari la zimamoto kilikuwa pampu iliyotiwa magurudumu. Maji yalitafutwa hapo hapo.

Kati ya magari ya kale, ninaloweza kulitazama kutwa nzima ni Ahrens-Fox la Cincinnati, Marekani. Mbele kabisa, juu ya pampu, limebeba tufe kubwa la chuma linalong'aa kama kioo. Wageni wengi hudhani ni pambo. Pampu yake ilikuwa ya pistoni, na pampu ya pistoni husukuma maji kwa mapigo: yanakwenda, yanasita, yanakwenda. Aliyeshika mpira huko mbele angerushwa-rushwa mikononi. Ndani ya lile tufe kuna hewa. Pigo likija, hewa inabanwa. Pigo likisita, hewa inatanuka na kuyasukuma maji, basi mwishoni yanatoka kwa mkondo mmoja uliotulia. Fundi bomba yeyote aliyefunga mtungi wa presha kwenye nyumba ya ghorofa anaijua kazi hiyo, ila yeye huuficha mtungi wake nyuma ya jiko, na wale wa Cincinnati waliuweka wao mbele ya pua ya gari kama taji.

Kampuni ya Dennis ya Guildford, Uingereza, iliyouza gari lake la kwanza la zimamoto kwa mji wa Bradford mwaka 1908, ilishika njia nyingine: pampu ya kuzungusha. Gurudumu lenye mapanga huzunguka kwa kasi ndani ya ganda na kuyarusha maji nje bila mapigo. Ni rahisi kutunza, na ndiyo njia iliyoshinda. Magari mengi ya leo yana pampu ya ukoo huo. Lakini ina udhaifu wake. Haiwezi kuvuta hewa. Ukitumbukiza mpira wake wa kunyonyea mtoni ikiwa kavu, itavuma tu na maji hayapandi. Ni lazima kifaa kingine kitoe hewa kwanza, ndipo uzito wa hewa ya nje uyasukume maji kupanda juu.

Hapa wanafunzi wangu huteleza. Kwa kuwa kinachoyapandisha maji ni hewa ya nje, kina cha kunyonyea kina mpaka wake. Usawa wa bahari, kwa mfano Dar es Salaam, mpaka huo kwenye karatasi ni mita 10.3, na kazini tunahesabu kama mita 7. Panda Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na unapoteza takribani mita moja na nusu. Gari lile lile, pampu ile ile, dereva yule yule. Swali hili huliweka kwenye mtihani, na hakosekani anayejibu kwamba dawa yake ni kukanyaga mafuta zaidi.

Miaka ya 1950 Waingereza walijenga gari lililoonyesha wazi mawazo haya. Lilipakwa kijani na kupewa jina la utani Green Goddess; lilikaa juu ya chesi ya lori la Bedford, na yalitengenezwa kati ya 1953 na 1956. Hofu ilikuwa vita: mabomu yakivunja mabomba ya mji, magari haya yangejipanga kwa mstari na kupokezana maji kutoka mtoni au ziwani mpaka penye moto. Vita hiyo haikuja. Yalikaa kwenye maghala, yakatolewa na wanajeshi mwaka 1977 na tena 2002 askari wa zimamoto walipogoma, kisha yakauzwa, na mengine yakaishia Afrika.

Magari ya sasa yamebeba mengi: tenki la maji, dawa ya povu, kamera inayoona joto ndani ya moshi, skrini mahali pa saa za mshale. Berlin na Los Angeles zimeshaingiza magari ya umeme ya Rosenbauer kutoka Austria, ambayo bado yana injini ya dizeli ya akiba. Mimi nayapenda, ingawa nawahurumia mafundi wa zamani waliozoea kuujua ugonjwa wa pampu kwa kuisikiliza tu.

Sasa turudi kwa raia wetu. Tuseme gari limefika na lita 5,000. Mipira miwili ikifunguliwa sawasawa humeza kama lita 1,000 kwa dakika. Dakika tano, tenki jeupe. Ukitumia mzinga wa kurushia maji ulio juu ya gari, hata dakika tatu huzipati. Aliyekuja kutazama dakika ya sita anamkuta askari na mpira mkavu, anaapa kwamba tumekuja mikono mitupu. Gari likiondoka kwenda kuchota, tunazomewa, na wakati mwingine mawe yanaruka.

Kwa nini tusiongeze tenki? Lita 10,000 ni tani kumi za maji, na maji hayatulii: kwenye kona yanaegemea upande mmoja na kutaka kulilaza gari, ndiyo maana ndani ya tenki huwekwa kuta za kuyakatakata. Na jitu la namna hiyo lipite vichochoro vya Manzese au Tandale? Ndiyo sababu huwa tunapenda gari la wastani litangulie na boza lifuate, na pampu iunganishwe mapema na haidranti (mdomo wa bomba la mji uliowekwa kwa ajili ya zimamoto), kisima au bwawa.

Marekani kuna desturi ninayoionea wivu. Gari jipya likifika kituoni, huoshwa kwa maji ya tenki la gari linalostaafu, kisha askari hulisukuma kwa mikono hadi bandani. Ni mabaki ya enzi za farasi, ambao hawakuweza kurudi kinyumenyume na mashine, hivyo watu waliisukuma wenyewe. Sisi sherehe zetu ni za kila asubuhi, zamu zinapobadilishana: maji, mafuta, upepo wa matairi, king'ora, kisha pampu iwashwe na isikilizwe.

Ukipiga 114, namba ya dharura ya zimamoto hapa Tanzania, taja mtaa na alama inayojulikana, sema kinachoungua na kama kuna watu ndani. Halafu tuambie maji ya karibu yako wapi: kisima cha msikiti, bwawa la hoteli, tenki la shule. Na ukimwona askari amepiga magoti chini ya meza ya muuza chipsi huku nyumba inawaka mtaa wa pili, hajapagawa. Anatafuta kifuniko cha haidranti.